Viazi Vitamu vya Adero

Mamboleo, Kisumu

Winny nyara, binti yangu,

Huku tuko wazima, na mvua imeanza. Ninakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu mwanao Adero huwa kando yangu. Jirani yetu Okinyi anarudi Doha, atakuletea barua hii.

Mwanao aliongoza darasa zima kwenye somo la lishe. Alinieleza vile soda na krispi zinaharibu mwili, nikafurahi. Tangu hapo kila asubuhi ninamfungia viazi vitamu na njugu. Jioni kopo lake la chakula hurudi tupu.

Juzi nilimpelekea sweta shuleni wakati wa mapumziko. Nilimkuta nyuma ya darasa akiwatupia kuku viazi vyangu. Kisha akakimbilia langoni kuomba wenzake krispi.

Nikamwita. "Si wewe ulinifundisha krispi ni mbaya?"

"Najua, Dani. Lakini wanasema viazi ni chakula ya mtoto hana mama. Wenye krispi wanakaa pamoja. Mimi nakaa peke yangu."

Sikumgombeza. Mimi Dani yake, nyanya mtu mzima, nilikaa chini pale ukutani, nikala naye vilivyobaki mpaka kengele ikalia. Hakuna mtoto aliyetusogelea.

Najua mkataba wako haujaisha, sikuulizi utarudi lini. Lakini jana akiosha vyombo aliniuliza, "Wale watoto Mama analea huko, huwafungia nini wakienda shule?"

Mpigie umwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi mamako,
Min Winny