Tangazo la Wifi

Shosti usinipigie, nimejifungia chooni. Soma tu.

Si unajua wifi yangu ndiye anayeandika matangazo na kupokea oda za ile mikanda ya kubana tumbo inayouzwa mtandaoni. Jana alikuja kwangu, akaniogeshea mtoto, akaosha vyombo. Kisha akaniuliza kwa upole, "Tangu ujifungue, kaka yangu anakutazama vipi?"

Vyombo aliosha, shosti. Nikamfungukia yote.

Leo kaweka tangazo jipya kwenye grupu la familia:

"Mama, tangu ujifungue mumeo anazima taa kabla hujavua nguo?"

Anazima taa kabla hujavua nguo. Maneno yangu hayo hayo, niliyoyasema nalia, yeye akinipangusa machozi.

Na mume wangu chini yake kaandika, "Dada, hili litauza sana."

Nikampigia wifi. Wala hakukana. "Tangazo lisilouma haliuzi. Na jina lako nimelitaja wapi?"

Nikakata simu. Nikalisoma tena ili nipate la kumtukania. Nikalisoma tena. Shosti, kila neno lilikuwa linanijua. Mkono wenyewe ukabonyeza pale chini palipoandikwa "Agiza".

Nikaandika jina la uongo. Namba ya simu nikaweka yangu, akili sijui ilikuwa wapi.

Sasa hivi kanijibu. Hakuja pembeni, kanijibu pale pale kwenye grupu, mama mkwe yumo, mume wangu yumo:

"Wifi, oda yako nimeiona, asante. Ila hiyo saizi uliyochagua hutaingia. Nikuwekee ile kubwa kabisa?"