Neno Nililokatazwa Kumwambia

Shoga, uko wapi?

Unakumbuka daktari wa mjukuu wangu alinikataza kumwambia mikono yake ni safi? Alisema huo ugonjwa wa kunawanawa kwa hofu ya uchafu unalishwa na neno hilo hilo. Mtoto akiuliza, nijibu "sijui" tu.

Basi leo katoka bombani, vidole vimechubuka. "Bibi, mikono yangu safi?"

Sijui, mjukuu wangu.

Alipiga kelele, shoga! Kelele za mtu anayechomwa! "Sema ni safi! Bibi, sema!" Mimi nimeng'ang'ania kiti, sijui, sijui.

Mara jirani huyo, kaingia bila hodi. "Bibi mzima unamtesa mtoto?" Akamshika mikono: "Safi, mwanangu, mbona inang'aa!"

Mtoto akaitazama mikono yake. Mimi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha akamuuliza jirani, "Una uhakika?" Ndiyo. "Una uhakika kweli?" Ndiyo, mwanangu. Mara kumi na tisa, shoga, nimehesabu! Jirani akakumbuka ana sufuria jikoni, huyoo!

Mtoto akanigeukia, sauti imekwisha. "Bibi, na wewe bado hujui?"

Bado sijui.

Akatazama bomba. Akanitazama. Akaja kukaa ubavuni kwangu, mikono kaikunja kifuani. Mpaka sasa hajanawa.

Machozi yamenifika shingoni, nataka kunawa uso. Lakini shoga, naogopa kufungua bomba.