Notisi Aliyopewa Adeer

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimefutwa kazi! Na wa mwisho kujua ni mimi.

Nimefika kituo cha maziwa pale Iftin kama kawaida, nimevaa koti langu jeupe, akina mama wa maziwa ya ngamia wamekwishapanga madumu. Mezani pangu ameketi Dagane, niliyemfundisha kazi mwaka jana tu. Bishar, mwenye kampuni, akanishangaa. Mbona umekuja? Eti amenunua mashine ya kupima maziwa, wapimaji wawili hawahitajiki tena. Na notisi ya mwezi mzima alishatoa.

Alimpa nani? Adeer Nunow, ndugu wa marehemu baba! Walikunywa chai, wakaelewana.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemfuata Adeer hadi nyumbani kwake Galbet. Amekiri. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Mwezi mzima anatafuta siku nzuri!

Adeer amenilea na ananipenda, hilo silitilii shaka. Bishar naye si mtu mbaya — anaamini kabisa kwamba amenipa heshima. Lakini nina hasira, wallahi. Miaka tisa nimepima maziwa pale, halafu kazi yangu inazungumzwa kama posa. Ikiwa ni posa, sawa, mwendee Adeer. Ikiwa ni kazi, nijie mimi.

Alhamisi, 5 Septemba

Ofisi ya leba, ya serikali, inayoamua mambo ya kazi. Afisa wake ni Bwana Mwakio, Mtaita, mpole, shabiki mkubwa wa kahawa tungu. Akauliza kama nilipewa notisi kwa maandishi. Hapana. Je, ofisi yake ilijulishwa? Alitafuta, hakuna. Na kati yangu na Dagane, walipimaje nani abaki? Nikacheka. Hakuna aliyepima chochote.

Akasema mwajiri anaweza kufuta nafasi, mashine si dhambi, lakini zipo hatua zake. Na notisi kwa ami wa mtu haimo katika sheria yoyote aliyowahi kuisoma.

Nimetoka pale kichwa juu. Hata jua la Garissa sikulisikia.

Jumatano, 11 Septemba

Wazee wanne nyumbani kwa Adeer. Maslaha, suluhu ya wazee. Mbuzi kachinjwa.

Wanachotaka: niyaache mambo ya leba, nikauze mashuka dukani kwa mke wa Bishar. Mashuka! Mimi ninayeonja tone moja nikajua dumu limetiwa maji. Mama ananivuta pembeni, ananisihi — nisimgombanishe na watu wa Bishar, ni majirani, tunazikana. Hapo nililegea kidogo. Kidogo tu. Mama nikamwambia wazi: naitaka kazi yangu, na sitaki mwanamke mwingine pale kituoni aje kusikia habari zake kwa ami yake.

Nimewaambia wazee maslaha nayakubali. Yafanyike mbele ya Bwana Mwakio. Wameguna, wamekubali.

Alhamisi, 19 Septemba

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya leba. Tumevunja kikao kwa swala ya adhuhuri, mimi nimewahi kumaliza.

Asubuhi Mzee Abdiwahab, mmoja wa wale wazee wanne, alimfungulia Bwana Mwakio mazungumzo kwa Kiswahili chake kisichojua p: "Afisa, sisi watu ya hapa. Ukimwambia adeer yake, umemwambia yeye. Mambo ilikwisha babo hapo. Sasa tuombe dua, tuende nyumbani bamoja." Akainua mikono.

Kwetu dua ikisomwa na watu wakaitikia amin, jambo limefungwa. Hakuna wa kulifungua. Mikono yote ikapanda, ya Bishar na ya Adeer pia. Hata Bwana Mwakio, Mkristo wa watu, aliinua nusu kwa adabu!

Yangu nikaiacha mapajani. Mungu anisamehe — si dua niliyoikataa. Mzee akangoja. Chumba kizima kikanitazama, lakini sikutikisika. Kisha nikamwona Adeer anashusha mikono yake, polepole.

"Muulizeni mwenyewe," akasema. "Si ameketi hapa?"

Ndipo adhana ikalia.

Sasa wanatoka msikitini, ng'ambo ya ua. Adeer amesimama langoni, Bishar yuko nyuma yake, anavaa viatu. Sitasimama kwanza. Bishar amempita Adeer bila kumsemesha. Anavuka ua, anakuja huku, kwangu —