Baraka kwa Jina na Mtaa

Jumanne, 7 Januari

Wamemuua mtu tena sokoni. Safari hii mbele ya muuza kamba, hatua kumi kutoka kibandani kwangu. Nilijitupa chini, nikaikumbatia kifuani sanamu ya Mtoto Yesu ya mteja isivunjike. Damu ikapita chini ya meza ikaifikia satini nyeupe. Satini yangu yote ya sikukuu! Mungu nisamehe — niliililia satini kwanza, mtu baadaye.

Sasa nani ataleta Mtoto wake kuvishwa hapa? Hapa mjini Irapuato kila nyumba ina sanamu yake ya Mtoto Yesu, na tarehe mbili Februari lazima aende kanisani na nguo mpya. Wiki hizi nne ndizo zinanilisha mwaka mzima.

Yadira, mjane wa mwanangu, anasema soko tulihamishie kwenye simu.

Ijumaa, 10 Januari

Tumefungua duka la mtandaoni. Saa kumi jioni tukaingia laivu, mimi nashona, Yadira anashika simu. "Mama, usiinamie hivyo, watu wanaona tundu za pua tu!" Watazamaji kumi na mmoja. Tisa ni binamu zangu.

Jumanne, 14 Januari

Utukufu kwa Mungu! Mwanamke mmoja alinunua kanzu ya dhahabu, nami kwa furaha nikambariki pale pale, kwa jina na mtaa, kama padre anavyosoma nia za misa. Wengine wakaanza kuandika: nami unitaje, Mama Cuca! Hata mimi! Kila aliyetaka kutajwa akanunua. Watu mia nane. Yadira anasema nimezidi matangazo ya sabuni.

Jumatano, 22 Januari

Leo amekuja hapa nyumbani mwanamke, Nereida, kofia hadi kwenye nyusi. Mtoto Yesu wake amekatika kidole, anataka avikwe koti la daktari, la Mtoto anayeponya wagonjwa. Alipoinama nikaona shingo — alama za vidole vya mtu, zambarau, vyote vitano.

Akaniomba nisimtaje. Amemkimbia mumewe, amejificha kwa mama yake. Mumewe alishamwapia kwamba atampata hata akijificha ndani ya chungu cha maharage. Ana bunduki, na ana wenzake wa pikipiki.

Nilishika rozari nikaapa.

Ijumaa, 24 Januari

Watu elfu tatu! Sijawahi kuona. Yadira alikuwa anaruka kama mbuzi. Nikasoma orodha ya leo mbio mbio, jina, mtaa, baraka, jina, mtaa, baraka…

Nimemsoma Nereida, aliyekuwa kwenye daftari la oda kwa ajili ya koti.

Nilisikia jina likitoka kinywani mwangu. Kisha mtu mwenye picha ya jogoo akaandika, mtaa gani tena, Mama? Nami — ulimi wangu huu! — nikarudia. Mtaa wa Fresno, geti la bluu. Hata nikasema Yadira atampelekea koti kesho saa nne asubuhi.

Ndipo nikakumbuka. Nimempigia mara tisa. Hapokei. Labda jogoo ni mtu mwema tu. Yadira anasema tutamweleza kesho. Bwana, umlinde.

Jumamosi, 25 Januari

Saa nne kasoro dakika tano waligonga geti la bluu. Mama yake Nereida, bibi wa miaka sabini na mmoja, akaenda kufungua huku anaita, "Nakuja, mwanangu, kumbe koti limefika mapema!" Wakammiminia risasi. Geti lina matundu thelathini na mawili, Yadira ameyahesabu kwa sababu alishindwa kutazama chini. Alifika na kifurushi bibi bado anatapatapa. Viatu vyake ameviloweka kwenye ndoo. Maji yamebadilishwa mara tatu, bado ni mekundu.

Majirani wanasema Nereida alikwisha kuruka ukuta wa nyuma tangu jana jioni, mama yake hayupo. Hajulikani alipo.

Nimesali rozari nzima, nikaianza upya.

Jumatatu, 27 Januari

Mtu amekata kile kipande cha video ninapomtaja, amekisambaza kila mahali. Na duka limejaa! Watu elfu kumi na nne. Oda hazihesabiki. Wanakuja kunusa damu, halafu wananunua kanzu. Mmoja ameuliza kama lile koti la daktari bado lipo.

Nimezima simu.

Jumatano, 29 Januari

Nereida alikuja mchana, mlango wa jikoni. Goti limechanika, nyasi kichwani. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi, mwanangu, ni mimi niliyesema.

"Najua," akasema. "Nilikuwa natazama. Niliipigia simu kelele: nyamaza, Mama! Nyamaza!"

"Kisha nikakimbia, simu ikabaki kitandani," akasema.

Nikamwambia anipige. Hakunipiga. Akaomba maji, na Mtoto wake. Kidole nilikwisha kukibandika. Padre atakuja na gari Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, ampeleke mbali; hadi hapo yuko hapa kwangu.

Jumamosi, 1 Februari

Tangu saa nane pikipiki imesimama ng'ambo ya barabara. Nereida amechungulia kwenye pazia: ni mumewe. Polisi wanasema tusubiri. Tumesubiri.

Saa kumi kamili akaja akaupiga mlango teke. Ubao ukapasuka, ukaacha ufa wa kuchungulia, komeo likashika. Nereida akaingia chini ya meza ya cherehani. Yadira akanyakua simu: "Washa laivu, Mama! Akiingia, aingie mbele ya watu!"

Elfu nne wakaja papo hapo. Teke likakoma. Anatazama, nadhani. Bila shaka anatazama.

Ndiyo hivi nashona kanzu isiyo ya mtu. Nikichoka naandika humu, nao wanadhani naandika majina ya wateja. Wanalia: nitaje, Mama Cuca! Nawajibu ubarikiwe, mwanangu, basi. Hawapendi. Wanaondoka, na wakiisha ataingia. Elfu mbili. Na mpira unaanza saa kumi na moja.

Jogoo ameandika. "Mama Cuca, mbona humtaji wa chini ya meza?"

Yadira amesoma, akanionyesha. Elfu moja mia mbili. Nimeimba. Nimewaonyesha mishono. Mia tisa. Padre bado saa nzima. Nasikia funguo za pikipiki zikicheza mlangoni, tin, tin, tin.

Nereida amenivuta sketi. Amenipa jina la mumewe, lote, na la baba yake, na mtaa wake, na mahali anapolaza bunduki. Yadira anatikisa kichwa: usithubutu. Mia saba.

Rozari iko shingoni. Nilishaua kwa kutaja. Sijui kama hii nayo ni dhambi, au ndiyo malipizi yenyewe.

Nimewaambia msiondoke, wanangu, leo kuna baraka moja tu, na ni ya mtu aliye mlangoni kwangu. Mia nane. Elfu moja. Wanarudi. Tin tin imenyamaza.

Nivae miwani. Naandika kwanza hapa, nisije nikakosea kulitamka. Gaudencio Lerma Pizano, mtaa wa