Kiti cha Mbele

Mdogo wangu mpendwa, Mkia,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Na hapo nyumbani kwako hawajambo? Wifi yangu bado anakukataza kuingia ndani na viatu vya matope? Na watoto, bado wanamkumbuka shangazi yao, au nimeshakuwa mtu wa kwenye picha tu? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mguu ulioteguka umepona. Najua nimechelewa kukujibu mpaka umeanza kudhani nimekununia. Sijanuna. Sababu ipo na nitaifikia, ila usiniharakishe kama ilivyo kawaida yako.

Najua pia umeshauona mwandiko wangu ukacheka. Herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Cheka tu, halafu uendelee kusoma.

Nianze na msiba. Baiskeli yangu imekufa, ile nyekundu uliyozoea kuiona kwa nyuma tu. Jumapili moja asubuhi nilikuwa nikishuka ule mteremko wa nyuma ya mnara wa maji, pale tulipokuwa tukishindana zamani, nikatumbukia kwenye mtaro ambao nilikuwa tayari kuapa kwamba haukuwepo. Fremu ikapasuka chini ya kiti, mguu ukateguka, nikarudi nayo nikiikokota kama mtu anayemrudisha mlevi kwake. Jirani yangu wa mlango wa pili, yule muuguzi mstaafu, alinifunga bandeji na kuniambia kwamba kwa umri wangu ningetafuta kiti kizuri cha kukalia barazani. Nikamwambia akinunua chake aniite nikakijaribu.

Lakini sikuwa natania moyoni. Tangu uhamishwe kikazi, wiki yangu ina siku moja tu ya maana. Kiwandani kwetu kwenye mapazia vyerehani vinapiga kelele kutwa nzima na wenzangu wanazungumzia watoto wao. Nikirudi nyumbani nasikia friji. Ile safari ya Jumapili, kupanda na kushuka njia za udongo mpaka kwenye mashamba ya ng'ombe, ndiyo saa pekee ambayo sijichoki. Huko hata upweke unapewa kazi: kuna gia za kubadilisha, kuna mizizi ya kukwepa. Bila baiskeli nilijikuta asubuhi nimeketi kitandani nimeshavaa, kofia ya kuendeshea imekaa mapajani, sina pa kwenda. Kwa hiyo usidhani nilikwenda dukani kwa anasa.

Duka lenyewe liko karibu na soko. Mwenye duka ni fundi wanayemwita Spana, kwa sababu haachani na spana mfukoni, hata harusini wanasema alikuwa nayo. Ni mtu wa makamo, mpole, na nilimpenda kwa kuwa hakunionyesha ile ya kina mama yenye kikapu. Aliniuliza ninaendesha njia gani. Nikamweleza: ndefu, za udongo, kupanda na kushuka, mawe kiasi, vijito vya kuvuka, lakini kuruka magenge niwaachie wenye mifupa mipya. Akasema basi nahitaji nyepesi, yenye magurudumu makubwa ya kuviringika juu ya mawe, na shokapu ya mbele peke yake, maana ya nyuma inaongeza uzito na kwenye mlima nitamlaani. Akanisimamisha juu ya fremu moja baada ya nyingine kuona inanikaa vipi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Taabu ilianza kwenye kuzijaribu. Nyuma ya duka kuna kichochoro kirefu, na huko ndiko tulikokuwa tukizipima kila Jumamosi nikitoka kazini. Ya kwanza, nyeusi, ilinivuta kushoto nikachubua kiwiko ukutani. Ya pili ilikuwa na breki zinazochelewa, nikaishia kwenye makreti ya fundi viatu, ikabidi nimwombe radhi mbele ya wateja wake. Nyingine usukani ulikuwa mpana mno. Nyingine tena shokapu yake ilikuwa laini, ikiinama inaificha njia. Spana alikuwa akikaza hapa, akilegeza pale, hanung'uniki. Kazini nilitangaza kwamba baiskeli za siku hizi zinatengenezwa ovyo ovyo. Msimamizi wetu alinisikiliza tu. Yeye alikuwa ameshanitoa kwenye vifungo na kunipeleka kwenye pindo ndefu za mapazia, akisema mkono wangu unafaa kwa mstari ulionyooka. Nilimshukuru kama vile amenipandisha cheo.

Kisha ikafika Jumamosi moja ambayo Spana alitoa chupa ya maji, nyekundu, akaisimamisha katikati ya kichochoro. Akaniomba niende moja kwa moja na kuipita upande wowote ninaopenda. Niliona ananichezea mchezo wa watoto. Nikapanda, nikaenda, nikasikia kitu kinapasuka chini ya tairi. Nilikuwa nimeipanda katikati kabisa. Akaja akaiokota, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba, dada, hizi baiskeli zimetoka viwanda tofauti, haziwezi zote kuwa na ugonjwa mmoja. Kisha akageuka akaanza kujaza upepo tairi ambalo halikuwa na shida ya upepo. Mimi nikamjibu ajifunze kwanza ufundi wake kabla ya kunifundisha kuendesha, nikaondoka. Nilifika nyumbani nikagundua nimetembea mji mzima na kofia kichwani.

Mdogo wangu, macho yangu yanakwisha. Daktari alinieleza hata kabla sijaanguka, na alinieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuniangushia kitu mguuni. Katikati ya jicho pameharibika, pembeni pamebaki. Miwani haisaidii. Haitafika giza kabisa, amesema, lakini kilichopotea hakirudi na kitaendelea kupotea kidogo kidogo. Nikimtazama mtu naona masikio yake, nywele, mabega. Pale penye uso pana doa. Jirani namjua kwa ndala zake. Na njiani, vichaka vya kulia na vya kushoto naviona vizuri sana, majani yote. Njia yenyewe ndiyo siioni. Ule mtaro ulikuwepo, Mkia. Ulikuwepo siku zote, na wewe uliwahi kunionya nao.

Sikumwambia mtu. Barua yako ya mwisho niliisogeza dirishani, nikaigeuza huku na huku, nikaisoma kwa pembe ya jicho, lakini unajua mwandiko wako, ni sisimizi wanahama. Nilipata neno "dada" na neno "lini", basi. Jirani angenisomea bila kinyongo. Nilishindwa kumpa. Niliona aibu wewe unisemeshe kwa sauti ya mtu mwingine, tena mimi niliyekufundisha kusoma. Ndiyo sababu ya ukimya wangu wote.

Nilikaa ndani Jumapili kadhaa. Hatimaye nikaona hata kama sinunui kitu, nina deni la radhi, nikarudi kwa Spana. Alisema amesahau, uongo mtupu, kisha akanishika mkono akanipeleka stoo. Akaniwekea kiganja juu ya fremu na kuniambia niifuate. Nikaifuata, nikakuta kiti, nikaendelea, nikakuta kiti kingine. Baiskeli ya watu wawili, mdogo wangu, tena ya milimani kwelikweli: matairi mapana, breki za diski, shokapu ya mbele. Iliagizwa na wachumba, wakaachana kabla haijafika. Akanieleza kwamba wa mbele ndiye anayeona, anayeshika usukani na breki. Wa nyuma ana miguu yake tu, na kumwamini mwenzake. Nikamwambia sijawahi kukaa nyuma ya mtu. Akasema hilo ameshaligundua.

Alifunga duka, tukapanda hadi kwenye mnara wa maji. Mwanzoni aliendesha kama amebeba mayai, nikamwambia akanyage, sikuja kuchunga mbuzi. Kule juu akageuza tukashuka mteremko wetu. Upepo ulikuwa ule ule. Vichaka vilinipita kulia na kushoto, kila jani nikiliona, na sikuwa na haja ya kuitafuta njia. Nilicheka kwa sauti, halafu nikalia, na yule mtu wa watu akaanza kuzungumzia gia mpaka nilipomaliza.

Nimeinunua. Imejaa korido nzima, jirani akija kwangu anapita ubavu. Lakini Spana ana duka na ana familia, Jumapili ni zake na watu wake, sikutaka kumwomba. Kwa hiyo imesimama tu. Sijawahi kuingiza ndani kitu kinachonikumbusha kama hiki kwamba niko peke yangu. Hata kitanda hakinisemi hivyo. Nikipita gizani nashika kiti cha mbele kuona kama kipo.

Sasa nakuomba jambo, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Sikuambii uache kazi wala uhame. Nakuomba likizo yako. Lete wifi, lete watoto, nyumba itatutosha tukibanana. Kiti cha mbele nimeshakikazia kimo chako. Spana aliniuliza nimekijuaje, nikamwambia baiskeli yako ya zamani bado imening'inia ukutani na makoti juu yake, nimeipima kwa shubiri. Miaka yote hiyo ulikula vumbi langu. Ulikuja nyuma ukifunga mageti ya mashamba niliyoyaacha wazi, na mimi nikikuita Mkia mbele za watu. Sasa usukani ni wako. Mimi nitateremka kufunga mageti. Kazi hiyo haihitaji macho, ni kupapasa komeo tu.

Barua yako iliniuliza "lini". Sijui lini ya kitu gani, lakini jibu langu ni hilo hilo: hata kesho. Ukinijibu tafuta kalamu nene, nyeusi, na uandike kama mimi, maneno machache kwa ukurasa. Nataka nikusome mwenyewe.

Msalimie wifi kwa upendo, na mwambie matope nitayasafisha mimi. Wabusu watoto, na uwaambie shangazi bado ana mbio, ila amebadilisha kiti. Ubaki salama mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Mkia mpya