Jiwe la Mama Watatu

Kambi ya Bonna, mwanzo wa Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi sijambo, jeraha la bega limefunga. Vita vya mto Danubi vimekwisha na tumerudi kambini. Nasikia uliweka nadhiri nirudi hai, na sasa fundi Sekundo anakuchongea jiwe la shukrani. Asante sana. Ila nakuomba, jiwe liwe la Jupita Mkuu, mungu wa Roma, na aliyeliweka niandikwe mimi, kwa jina la kambini, Julio. Hao Mama Watatu wako, miungu ya kijijini yenye vilemba kama ungo, wenzangu wa Italia wanawacheka. Mwezi Juni kikosi chote kitapita barabara ya hapo kijijini, na mkuu wangu anafikiria kunifanya msaidizi wake. Usiniharibie.

Mwanao,
Friatto

Kijijini, katikati ya Machi

Mwanangu Friatto,

Marahaba. Goti linaniuma, mengine shwari; nguruwe kazaa. Anayeniandikia ni Sekundo, maana mimi herufi naziona kama nyayo za kuku.

Huyo Jupita simjui. Ulipokuja duniani ukitanguliza miguu, alikuwa wapi? Niliwaita Mama Watatu wakanisikia, na ulipokuwa vitani nikawaita haohao. Mdomo ulioahidi ni wangu, basi na jina litakuwa langu. Na hao Waitalia, wana mama zao au waliokotwa?

Mama yako,
Louba

Bonna, katikati ya Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu.

Si mzaha. Jiwe lako liweke nyuma ya zizi, Mama zako watakuona hukohuko. Likisimama barabarani, nitasema simjui aliyeliweka. Na nyumbani nisitarajiwe tena. Chagua.

Mwanao,
Friatto

Kijijini, mwanzo wa Mei

Mwanangu,

Hujambo? Goti ni lilelile.

Nimechagua. Jiwe liko barabarani, na juu yake nimeweka mapeasi makavu na ubani. Limeandikwa hivi: KWA MAMA WATATU. LOUBA BINTI GASTINASI, KWA AJILI YA MWANAWE FRIATTO, AMETIMIZA NADHIRI KWA MOYO MKUNJUFU, KWA AMRI YAO WENYEWE. Hayo ya mwisho nimeyaongeza mimi. Waliniamuru ndotoni, ukitaka kubisha, kabishane nao. Sekundo anasema ndoto hiyo imekuja haraka mno. Nimemwambia kazi yake ni kuchonga.

Usipokuja nitalia, sikufichi. Lakini waliokurudisha hai siwafichi nyuma ya zizi, upende usipende.

Mama yako,
Louba

Mji wa Koloni, mwishoni mwa Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Goti limepungua? Bega langu halina neno.

Jana tulipita hapo kijijini. Nadhani ulikuwa shambani. Mkuu alisimamisha kikosi farasi wanywe maji, karibu kabisa na jiwe lako, akalisoma kwa sauti. Wenzangu walipoona vile vilemba vilivyochongwa juu yake wakaangua kicheko. Mkuu akauliza, "Ni Friatto gani huyu aliyerudishwa nyumbani na wanawake?"

Hakuna aliyejua. Kwao mimi ni Julio. Ningenyamaza, tungenywesha farasi na kwenda zetu. Nilinyamaza kweli, mama, nikitazama viatu vyangu. Halafu mmoja akalitemea mate jiwe lako.

Nikatoka mstarini. Nikasema, "Ni mimi, mkuu. Na aliyeliweka ni mama yangu."

Mkuu akacheka. "Kumbe Jupita hakukutosha?"

Nikamwambia, "Wale tuliowazika Danubi, mkuu, wote walikuwa na Jupita."

Nikalifuta jiwe kwa joho langu, nikarudi mstarini.

Usaidizi kapewa mwingine. Mimi nimepewa kuzoa mavi ya farasi mpaka mavuno, na naandika haya nikinuka. Mavuno yakifika nitaomba ruhusa nije nyumbani. Wakininyima, nitaomba tena.

Mtu yeyote asilisogeze lile jiwe.

Mwanao,
Friatto