Chuo Kinakula Pierogi za Bibi Bronia

Shangazi Jadzia mpendwa, nakuandikia hapo gazetini nikiwa nimekwama na naomba unikwamue kabla ya Jumapili, na tafadhali usitaje jina langu, maana mtaa wetu ni mdogo na hapa mtu akipiga chafya kwao, jirani anamwambia pole kupitia ukutani.

Mimi nasomea uhandisi wa ujenzi, madaraja hasa, na miaka miwili ya kwanza niliisoma chuo cha jamii hapa hapa mjini, nikilala kwa mama, nikila kwa mama, ada ndogo, mambo shwari, nikajiona nimewazidi akili wenzangu wote waliokimbilia chuo kikuu moja kwa moja, kumbe nilikuwa nimeahirisha kilio tu, kwa sababu nilipohamia chuo kikuu nilikuta ada ya wahandisi iko juu kuliko ya wengine, halafu masomo yangu mawili wakakataa kuyatambua, wakasema niyarudie, kwa hiyo miaka miwili iliyobaki ikawa mitatu. Chuo kilinipa ruzuku, nikachukua na mkopo, bado pakabaki pengo, na mama yangu ni mhudumu wa mkahawa, hata angeuza gari lake pengo lisingezibika, maana gari lenyewe ni la kusukuma.

Ndipo Bibi Bronia alipoingilia kati. Yeye ndiye mkuu wa wanawake wanaotengeneza na kuuza pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, jikoni chini ya kanisa kila Ijumaa ya Kwaresima, watu wanapanga foleni kwenye theluji mpaka kona ya pili, na fedha zile miaka yote ni za kukarabati paa, ila mwaka jana alisimama mbele ya Padri akasema, "Paa limevuja tangu marehemu mume wangu yuko hai. Livuje tu. Huyu mtoto hatangoja." Padri akakubali, maana hakuna aliyewahi kumkatalia Bibi Bronia, na mwezi wa nane nikakabidhiwa hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, nikapigwa picha, wanawake wakalia, mama akalia, na fedha zikapelekwa chuoni.

Shangazi, mwezi wa tisa ofisi ya misaada ya chuo ikaniandikia kwamba kwa kuwa nimepata fedha kutoka nje, wao wanapunguza ruzuku yao kwa kiasi hicho hicho. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta afisa mmoja mpole, ana ua dogo mezani, akaniambia, "Hongera sana kwa ufadhili."

Nikamwambia, "Lakini pengo langu liko pale pale."

"Ndiyo, ila uhitaji wako umepungua."

"Umepungua wapi?"

Akageuza kompyuta yake nione. "Hapa."

Yaani pierogi zote zile, vidole vyote vile vya wazee vikibana kingo, faida imekwenda chuoni na mimi sikupata hata senti, ikabidi niongeze mkopo. Nilitaka kusema siku ile ile, lakini nikamkuta Bibi Bronia kwenye foleni ya duka la nyama ananionyesha kwa watu, "Mnamwona? Injinia wetu huyo," nikasema nitasema kesho, kesho ikawa Krismasi, Krismasi ikawa Kwaresima, na mwaka huu nimesimama nao jikoni kila Ijumaa nabana pierogi huku najua zinakokwenda. Jumapili hii Padri ananikabidhi hundi ya pili. Na kibaya zaidi, Bibi Bronia alikuwa amepangiwa upasuaji wa goti tangu majira ya baridi, akauahirisha mpaka baada ya Pasaka, akisema, "Goti litangoja, unga haungoji," na sasa ameuahirisha tena kwa sababu wamepanga mauzo mengine ya kiangazi, kwa ajili yangu, na anakanda unga ameegemea jiko, amesimama kwa mguu mmoja.

Juu ya hayo wanawake wote wameanza kuniletea vitu vibovu nivitengeneze. Nikimwambia Bibi Stasia, "Bibi, mimi nasomea madaraja," ananijibu, "Na daraja si kubwa kuliko pasi? Anza na hiki kidogo." Mashine yake ya kufulia niliigusa, sasa inatembea, juzi ilikuwa imefika mlangoni. Kuna mama mmoja mkimya anayekaa karibu na friji pale jikoni, naona aibu hata jina lake silijui, alinipa tosta ya kuchomea mkate, nikaifungua, ikatoa cheche, ikafa, nimeificha chini ya kitanda ndani ya foronya na nimemwambia nasubiri kipuri kutoka Ujerumani.

Mama anasema ninyamaze, wazee wamefurahi, nisiwaharibie. Nipokee hundi ninyamaze, au niseme niwavunje moyo, au niache chuo nirudi kwenye gereji ya matairi nilikokuwa kibarua? Sina raha, Shangazi.

Wako, Aliyekwama Chini ya Kanisa.

*

Aliyekwama,

Umeniomba nisitaje jina lako, na sitalitaja. Lakini mwanangu, umetaja paa, goti, Padri na mashine ya kufulia inayotembea. Kilichobaki ni namba ya nyumba.

Kwanza pole. Kuanzia chuo cha jamii hukukosea, na yeyote anayekucheka kwa hilo muulize deni lake. Na huo mtindo wa kutia kwa mkono huu na kuchomoa kwa mkono mwingine umenichoma hata mimi, nikaacha chai ikapoa. Hilo si kosa lako.

Kosa lako linaanza mwezi wa tisa ulipotoka ofisini na kufunga mdomo. Kwaresima nzima umesimama pembeni ya mwanamke aliyekaribia miaka themanini, anasimama kwa mguu mmoja kwa ajili yako, na umenyamaza. Unasema unaogopa kuwavunja moyo. Acha hizo. Hao wanawake wamezika waume, wamefungiwa viwanda, wamelea watoto waliohamia Florida na hawapigi simu. Mioyo yao unaijua wewe? Unachokiogopa ni kushuka kutoka kwenye kile kiti cha Injinia wetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha, na anayeumia ni Bronia. Mama yako nampenda bila kumjua, lakini katika hili amekupotosha.

Sasa sikiliza. Nenda kwa Bibi Bronia nyumbani kwake, mchana, yeye akiwa amekaa. Usianze na chuo, anza na goti. Mwambie arudi kwa daktari wiki hii akapange siku, na mauzo ya kiangazi yasimame mpaka atembee. Kisha mweleze yote uliyonieleza mimi, bila kipuri cha Ujerumani. Halafu atakutukana, na akimaliza atakuuliza umekula.

Hundi ya Jumapili usiipokee. Padri aiweke fedha hiyo benki kwanza, na wewe uandike barua ofisi ya misaada ukiomba fedha za nje zizibe pengo kwanza, kisha zipunguze mkopo, na ruzuku iguswe mwisho kabisa. Ofisi nyingine hukubali, ila haziwezi kukubali ombi ambalo halijaletwa. Wewe ulikwenda mara moja, ukaonyeshwa kompyuta, ukarudi nyumbani kulia. Safari hii nenda na Bibi Bronia. Mkalishe mbele ya yule afisa mwenye ua, awaeleze jinsi inavyotengenezwa pierogi moja, kuanzia kumenya kiazi. Nawahurumia mapema. Wakikataa kabisa, basi fedha za wanawake zirudi kwenye paa na mlale kwa amani, na wewe utakuwa umejua ukweli wa hesabu yako.

Na yale masomo mawili waliyoyakataa, umeyapita juu juu kama jambo dogo. Mwaka mzima wa ada unaning'inia hapo, hata wakoleze moto chini ya kanisa mpaka Krismasi hawaufikii. Rudi chuo cha jamii kwa walimu wako waliokufundisha, wakupe mtaala, kazi zako na mitihani, uvipeleke kwa mkuu wa idara ya uhandisi mwenyewe, siyo kwa karani wa dirishani. Ukiwa hapo hapo, uliza kuhusu nusu mwaka wa kwenda kazini kwa mshahara. Wahandisi wanaopewa nafasi hiyo hurudi na ada mfukoni. Gereji ya matairi iache, labda ukabadilishe ya gari la mama yako.

Sasa la mwisho, na hili hutalipenda. Kwa kawaida msomaji hukutana na jibu langu gazetini siku ya Alhamisi. Wewe nimekutumia leo Jumatatu, kwa anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha, ukiwa umejificha vizuri kweli kweli. Alhamisi wanawake wanakutana kukanda unga, na Bronia huwasomea ukurasa huu kwa sauti huku akiigiza sauti za wanaolia. Barua yako nitaichapisha neno kwa neno, maana najua hujakwama peke yako. Ukichelewa, ataisoma yeye mwenyewe mbele ya wote, miwani puani, na atafika kwenye goti kabla hajatambua kwamba ni lake. Usimfanyie hivyo. Una kesho na keshokutwa.

Ningeweza kumnong'oneza mimi, lakini siri ya barua si yangu. Na usidhani utaumbuka peke yako. Bronia atakapofika hapa mwisho wa ukurasa atajua ni nani ambaye miaka yote hii amekuwa akimsifu na kumtukana kila Alhamisi bila kujua yuko chumba kimoja naye.

Tosta usiihangaikie. Ilikuwa imekufa kabla haijafika kwako. Mwaka jana, ulipotoka kupigwa picha na ile hundi, Bronia alituambia kila mmoja atafute kitu kibovu nyumbani akuletee, usije ukajiona unasaidiwa bure. Mimi sikuwa na kibovu kingine.

Njoo Alhamisi, ukishasema. Kiti cha karibu na friji ni changu, na jina langu ni Genowefa.